Dawa za kupunguza unene: Yapi ni maudhi, yapi ni hatari

Kwa miaka mingi, mtu akipungua ghafla katika mitaa ya Mbagala, Tandika au Mwananyamala, majirani walishusha sauti walipomtaja. Kupungua kulimaanisha ugonjwa, au ndoa yenye matatizo. Kunenepa ndiko kulikosifiwa: "umenawiri", "ndoa imekukubali", "shemeji anakutunza".

Siku hizi sifa zimeanza kugeuka. Kwenye vikoba, kwenye vikao vya harusi na kwenye makundi ya simu ya akina mama wa Tegeta, Bunju na Chamazi, habari ni nani kapungua na katumia nini. Wapo wanaochoma sindano mara moja kwa wiki, wapo wanaomeza vidonge, wapo wanaokunywa chai ya majani kila usiku. Mara nyingi jambo lenyewe hufanywa kimyakimya. Mume hajui, watoto hawajui, na wakati mwingine hata daktari wa kliniki ya presha hajaambiwa.

Ukimya huo ndio tatizo kubwa kuliko dawa yenyewe. Manesi wa kliniki za uzazi wa mpango wana msemo wao: "maudhi madogo madogo", yaani yale yanayosumbua lakini hayaui. Dawa za kupunguza unene nazo zina maudhi yake, na mengi yanavumilika mtu akibadili namna ya kula na kunywa. Lakini zina pia madhara machache yasiyovumiliwa hata kwa usiku mmoja. Anayetumia kwa siri hana mtu wa kumsaidia kutofautisha haya mawili, na hana mtu wa kueleza hospitalini alichomeza pale anapozidiwa.

Si urembo peke yake

Kabla ya kumlaumu anayetumia, ni vizuri kukumbuka kwamba unene uliopitiliza ni suala la afya. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2015-16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene uliopitiliza. Unene huo huenda pamoja na kisukari, presha, maumivu ya magoti na kukoroma kunakokatisha usingizi.

Kwa mtu wa namna hiyo dawa inaweza kuwa msaada wa kweli. Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani liliingiza semaglutaidi na tirzepataidi katika orodha yake ya dawa muhimu, kwa watu wazima wenye kisukari cha aina ya pili ambao pia wana maradhi ya moyo au figo pamoja na unene uliopitiliza. Hizo ndizo dawa za sindano zinazojulikana zaidi kwa majina ya biashara. Semaglutaidi huuzwa kama Ozempic, iliyotengenezwa kwa ajili ya kisukari, na Wegovy, iliyotengenezwa kwa ajili ya unene. Tirzepataidi huuzwa kama Mounjaro.

Dawa hizi huiga homoni ambazo utumbo hutoa mtu anapokula. Ubongo unapata taarifa ya kushiba mapema, na chakula kinakaa tumboni muda mrefu zaidi kabla ya kushuka. Hapo ndipo faida inapotoka, na hapo hapo ndipo maudhi yanapotoka.

Tumbo ndilo la kwanza kulalamika

Utafiti mkubwa wa semaglutaidi uliochapishwa mwaka 2021 ulifuatilia watu wazima 1,961 kwa wiki 68. Waliochomwa dawa yenyewe walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15 ya uzito wao, wakati waliochomwa sindano isiyo na dawa walipungua kwa asilimia 2.4. Lakini kati ya kila watu 100 waliopata dawa, 44 walipata kichefuchefu, zaidi ya 31 waliharisha, karibu 25 walitapika na 23 walipata choo kigumu. Kwa wengi maudhi hayo yalikuwa ya wastani na yalipita. Wachache waliacha dawa kwa sababu yake.

Ndiyo maana daktari haanzi na dozi kubwa. Kwa dawa ya unene, semaglutaidi huanza na miligramu 0.25 kwa wiki, na dozi hupandishwa kila baada ya wiki nne hadi mwili uzoee. Anayeruka hatua ili apungue haraka kabla ya harusi ya mdogo wake anajitafutia kitanda cha wagonjwa. Vivyo hivyo kwa aliyekosa dozi kadhaa mfululizo: asirudie ile kubwa aliyoishia, aulize kwanza.

Kwa mama wa nyumba, kichefuchefu kina sura yake. Anatakiwa kukaanga vitunguu, kuunga dagaa na kupika futari ya watu saba, wakati harufu ya mafuta ya moto peke yake inamfukuza jikoni. Hapa msaada ni wa kifamilia zaidi kuliko wa kidaktari. Siku moja au mbili baada ya sindano, ambazo kwa watu wengi ndizo ngumu zaidi, mwingine anaweza kushika jiko. Vyakula vya kuchemsha na vya baridi vina harufu ndogo kuliko vya kukaanga.

Kwenye sahani, mabadiliko yanayosaidia ni ya kawaida kabisa. Kula kidogo kidogo mara kadhaa badala ya sahani moja iliyojaa. Kula taratibu, na kuacha pale tumbo linapoashiria limetosha, hata kama wali umebaki. Kuepuka vyakula vya mafuta mengi: chipsi mayai, vitumbua, sambusa na pilau la shughuli hukaa tumboni kwa saa nyingi na kurudi kama kiungulia. Kutolala mara baada ya kula.

Choo kigumu kinatibiwa kwa maji, papai, mboga za majani kama mchicha na matembele, maharage, na kutembea. Anayeharisha au kutapika anahitaji maji na chumvichumvi ya ORS, ile ile anayopewa mtoto. Kwa joto la Dar es Salaam, mtu asiye na hamu ya kula husahau pia kunywa, na figo ndizo zinazolipia. Mkojo kuwa mchache na wa rangi nzito ni ishara ya kuongeza maji mara moja.

Wakati wa Ramadhani, mwenye kutumia dawa hizi azungumze na daktari kabla ya mwezi kuanza, hasa akiwa na kisukari. Kufunga huku unatapika na kukosa maji si jambo la kujaribu peke yako.

Kuna pia maudhi yanayochelewa kuonekana. Nywele hunyonyoka kwa baadhi ya watu wanaopungua haraka, na misuli hupungua pamoja na mafuta. Kwa hiyo kile kidogo kinacholiwa kiwe na nguvu: yai, samaki, dagaa, maziwa, kunde, choroko. Uji mtupu wa asubuhi na chai ya rangi ya jioni havijengi mwili. Kutembea, kupanda ngazi na mazoezi mepesi ya kubeba uzito husaidia misuli isiyeyuke.

"Shemeji, una habari njema?"

Mwanamke anayetapika asubuhi na kukimbia harufu ya chakula hufikiriwa jambo moja tu uswahilini. Mawifi wanaanza kutabasamu, mume anaanza kuhesabu miezi. Aliyeficha sindano anajikuta na siri mbili.

Lakini kuna upande wa pili wa hadithi hiyo, ambao ni mzito zaidi. Mimba inaweza kuwa ya kweli. Mwanamke aliyekuwa na unene uliopitiliza na hedhi isiyoeleweka anaweza kuanza kushika mimba kirahisi anapopungua. Anayetapika au kuharisha sana anaweza kuupoteza uzazi wa mpango wa vidonge bila kujua. Tirzepataidi, kwa kuchelewesha chakula tumboni, inaweza kupunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango. Ushauri uliopo ni kutumia pia kondomu kwa wiki nne baada ya kuanza dawa hiyo na wiki nne kila dozi inapopandishwa, au kutumia njia isiyopitia tumboni, kama kipandikizi au kitanzi.

Dawa hizi hazitumiki wakati wa ujauzito. Kwa semaglutaidi, mwanamke anayepanga kupata mtoto hushauriwa kuacha angalau miezi miwili kabla, kwa sababu dawa hukaa mwilini kwa wiki kadhaa baada ya sindano ya mwisho. Na mama anayenyonyesha anayetaka kuondoa tumbo la uzazi haraka asianze sindano kwa ushauri wa shoga yake. Mtoto wa kwenye titi naye ni sehemu ya uamuzi huo.

Kwa hiyo kichefuchefu kikiambatana na kukosa siku, kipimo cha mimba kije kwanza, kabla ya sindano inayofuata.

Vidonge vya mafuta, na chai ya sanamaki

Si kila dawa ni sindano. Olistati, inayouzwa kwa majina kama Xenical, huzuia karibu asilimia 30 ya mafuta ya chakula yasiingie mwilini. Mafuta hayo lazima yatoke, na hutoka chooni: choo chenye mafuta, gesi, haja ya ghafla, wakati mwingine doa kwenye nguo. Anayepanda daladala ya Mbagala kwenda Kariakoo saa kumi na mbili asubuhi, akiwa amekula chapati mbili za mafuta na supu ya mbuzi, atakuwa na safari ndefu sana.

Dawa ni kupunguza mafuta kwenye mlo, kwani maudhi hufuata kiasi cha mafuta kilicholiwa. Olistati huzuia pia vitamini A, D, E na K, ndiyo maana watumiaji hushauriwa kumeza vitamini wakati wa kulala, mbali na dawa.

Chai za kupunguza tumbo ni habari nyingine. Nyingi huwekwa sanamaki, majani ambayo bibi zetu waliyajua vizuri kama dawa ya kuharisha. Kinachotoka ni maji na kinyesi. Mafuta ya mwili yanabaki pale pale. Mzani unashuka kilo moja au mbili kisha unarudi mtu akinywa maji. Anayekunywa kila siku kwa miezi hupoteza madini ya potasiamu, na potasiamu ikishuka sana misuli hulegea na mapigo ya moyo huharibika.

Hatari zaidi ni kile kisichoandikwa kwenye pakiti. Sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula, iliondolewa katika masoko makubwa mwaka 2010 baada ya kuonekana inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wa moyo. Tangu hapo mamlaka za dawa katika nchi nyingi zimekuwa zikiikuta imechanganywa kwa siri ndani ya kahawa, chai na vidonge vinavyouzwa kama "mitishamba asilia". Ukinywa chai ya mitishamba na moyo ukaanza kwenda mbio, mdomo ukakauka na usingizi ukakata, acha mara moja na uende hospitali na pakiti yake mkononi.

Kalamu feki na friji la barafu

Juni 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizogundulika Brazil, Uingereza na Marekani mwaka 2023. Mwaka huo huo wa 2023, nchini Austria, watu walilazwa kwa sukari kushuka ghafla baada ya kutumia kalamu zilizodhaniwa kuwa bandia. Kalamu ya bandia inaweza kuwa na insulini ndani yake, na insulini kwa mtu asiyeihitaji ni hatari ya dakika chache.

Kama nchi zenye udhibiti mkali zimeingiliwa, kalamu inayoletwa na bodaboda kutoka kwa muuzaji wa mtandaoni asiye na famasi haina wa kuitolea dhamana. Semaglutaidi na tirzepataidi ni dawa za cheti cha daktari. Zinunuliwe famasi iliyosajiliwa, boksi likiwa limefungwa, namba ya toleo na tarehe ya mwisho vikisomeka, na risiti itunzwe. Ukiitilia shaka dawa, mahali pa kuripoti ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA.

Hata kalamu halisi huharibika. Kabla ya kuanza kutumiwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Ikiwa nje haitakiwi kuzidi nyuzi 30, na Dar es Salaam kati ya Januari na Machi hupita hapo mchana. Pia haitakiwi kuganda. Nyumba nyingi za Temeke na Kinondoni friji ni ya biashara: barafu, juisi, lambalamba za watoto. Imewekwa baridi ya mwisho. Kalamu iliyobanwa karibu na sehemu ya kugandishia na ikaganda ni ya kutupwa. Na umeme ukikatika kwa saa nyingi, au LUKU ikiisha usiku, muulize mfamasia kabla ya kuchoma.

Gharama nayo huleta wazo la kuchangia: marafiki wawili kununua kalamu moja na kila mmoja kuwa na sindano yake. Hapana. Damu inaweza kurudi ndani ya kalamu hata sindano ikibadilishwa, na homa ya ini na virusi vya Ukimwi husafiri kwa njia hiyo. Sindano zilizotumika ziwekwe kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, juu kabisa ambako mtoto hafiki, kisha zipelekwe kituo cha afya. Zisiishie kwenye mfuko wa taka ambao watoto na waokota chupa wataufungua.

Haya si ya kusubiri asubuhi

Wote walio nyumbani, pamoja na msichana wa kazi na mtoto mkubwa, wanapaswa kuzijua dalili hizi:

- Maumivu makali ya tumbo yasiyokatika, hasa yanayopenya hadi mgongoni. Huenda kongosho limevimba.
- Maumivu chini ya mbavu za kulia, homa, au macho kuwa ya njano. Kupungua haraka huleta mawe kwenye mfuko wa nyongo.
- Kutapika kusikokoma, kushindwa kubakiza hata maji, mkojo kukatika, kizunguzungu.
- Jasho la baridi, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Hii ni sukari kushuka, hasa kwa anayetumia pia insulini au vidonge vya kisukari kama glibenklamidi. Apewe soda yenye sukari au maji ya sukari kama anaweza kumeza, kisha hospitali.
- Kuona ghafla kumepungua kwenye jicho moja au yote.
- Kuvimba uso au koo na kushindwa kupumua.

Tumbo likisumbua kidogo unaweza kusubiri siku ya kliniki. Kwa dalili hizi, iwe Hospitali ya Temeke, Mwananyamala au kituo chochote kilicho karibu, mtu apelekwe na dawa zake zote mkononi. Anayekwenda kufanyiwa upasuaji naye aseme mapema anatumia sindano hizi, kwa sababu chakula hukaa tumboni muda mrefu na daktari wa usingizi lazima ajue.

Wapo wasiotakiwa kuanza kabisa, au kuanza kwa tahadhari kubwa: mwenye historia ya aina fulani ya saratani ya tezi ya shingo, yeye au ndugu zake wa damu, na aliyewahi kuugua kongosho. Haya hayajulikani kwa kumtazama mtu. Hujulikana kwa kuulizwa na daktari, na anayenunua kwa siri haulizwi na mtu.

Pesa ikikata, uzito unarudi

Baadhi ya washiriki wa utafiti ule wa wiki 68 walifuatiliwa mwaka mmoja zaidi baada ya kuacha dawa. Kwa wastani walikuwa wamerudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza. Hiyo haimaanishi walikuwa wavivu. Hamu ya kula iliyozimwa na dawa hurudi dawa inapoondoka.

Kwa familia, hilo ni swali la bajeti kabla ya kuwa swali la urembo. Nani atalipia dawa mwezi wa Januari, ada na sare zinapodai? Kuanza dawa kwa akiba ya miezi mitatu, kuacha, kunenepa tena na kuanza upya ni kuyarudia maudhi yale yale kila mara bila faida. Aliyepanga na daktari tangu mwanzo anajua atatumia kwa muda gani na ataacha vipi. Wapo watakaoona njia nyingine inawafaa zaidi, kama puto la tumboni linalowekwa Hospitali ya Taifa Muhimbili, Mloganzila. Nalo lina kichefuchefu na kutapika kwa siku za mwanzo, na nalo linahitaji mtu wa kukusaidia nyumbani.

Watoto wanaona

Mtoto wa miaka 12 anayemwona mama akitapika kila Jumapili jioni, akisukuma sahani na kusema "nimeshiba" baada ya vijiko vitatu, anajifunza kitu. Asipoelezwa, atajaza mwenyewe. Mdogo atadhani mama anakufa. Binti mkubwa ataona kwamba ukubwa ni kutokula, na siku moja ataijaribu chai iliyoko kabatini.

Maneno yanayotosha ni machache: "Daktari amenipa dawa kwa ajili ya presha na uzito. Inanisumbua tumbo, itapita. Si dawa ya watoto. Nikizidiwa, mwambieni baba, na boksi lipo hapa." Baada ya hapo familia iendelee kula pamoja, mama akiwa na sahani yake ndogo bila kutoa hotuba kuhusu unene mbele ya mabinti.

Baba naye ana kazi yake. Mke akisema sindano imemsumbua, kejeli ya "nani alikutuma?" humrudisha kwenye siri. Swali zuri ni kuuliza umechoma lini, umekunywa maji kiasi gani, na kliniki ni siku gani. Hali kadhalika mke wa mwanamume anayetumia, kwa sababu dawa hizi si za wanawake tu, na wanaume ndio hodari zaidi wa kuvumilia maumivu hadi wabebwe.

Kwa majirani watakaouliza, "Shoga, mbona umeisha hivyo, unaumwa?", hakuna anayedaiwa maelezo. Mtaa unaweza kubaki bila kujua. Watu wa ndani ya nyumba na daktari ndio wasiobaki bila kujua.